Kipimo Nacho Hupimwa

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilimpa mwanafunzi alama 4 kati ya 20 kwa sababu aliandika alichokiona. Wenzake waliopika data niliwapa 17, 18, wengine 20 kamili. Sikujua. Nilipojua, nilikaa na siri hiyo siku tatu kabla ya kufanya lolote, na siku hizo tatu ndizo zinazonifanya niandike.

Nilipangiwa shule moja ya sekondari wilaya ya Bagamoyo, pembeni ya barabara ile inayotoka Dar kupitia Bunju, Mapinga na Kerege. Nilipata chumba Magomeni, Bagamoyo mjini, kwa bibi mmoja mpole aliyekubali kusubiri kodi, maana bumu lilikuwa limechelewa kama kawaida yake. Masomo yangu ni Fizikia na Hesabu. Nikapewa kidato cha tatu, wanafunzi 46, mada ya mwanga kwenye vioo vilivyopinda. Nilifurahi. Mwanga ndiyo mada ninayoipenda kuliko zote.

Maabara ilikuwa na boksi la vioo vinane vya mbonyeo, yaani vile vilivyobonyea ndani kama bakuli. Juu ya boksi kulikuwa na karatasi imebandikwa kwamba urefu wa fokasi ni sentimita 15. Nikapanga jaribio la vitendo: weka mshumaa mbele ya kioo, sogeza karatasi mpaka taswira ya moto ionekane safi, pima umbali, andika kwenye jedwali, kokotoa fokasi. Umbali wa mshumaa niliwapangia mimi: sentimita 20, 25, 30, 40 na 50. Mwongozo wa usahihishaji niliuandaa usiku uliotangulia kwa kalamu na kikokotoo. Kama fokasi ni 15, basi mshumaa ukiwa sentimita 20, taswira itakuwa 60. Ukiwa 25, taswira itakuwa 37.5. Ukiwa 30, taswira itakuwa 30. Kioo chenyewe sikukigusa. Ya nini, wakati boksi limeshasema?

Nilisahihisha kwa raha sana. Karatasi baada ya karatasi majibu yanaingia: 60, 37.5, 30. Nikajisemea kumbe mimi ni mwalimu hodari. Ingenipasa nishtuke. Kwa mshumaa unaotikiswa na upepo wa dirishani na rula ya mbao iliyoliwa ncha, watoto zaidi ya thelathini hawawezi wote kupata 37.5 isiyopungua wala kuzidi. Hata sisi chuoni hatupati hivyo, na tukipata tunajua tumepataje.

Karatasi moja ilikuwa tofauti. Ilikuwa ya binti mmoja wa dawati la nyuma, mkimya, anayetembea kwa miguu kutoka mbali kila asubuhi. Kwenye mstari wa sentimita 20 hakuandika namba. Aliandika kwamba taswira haionekani. Kwenye 30 aliandika 60.8. Kwenye 50 aliandika 33.1. Mwisho akapata fokasi sentimita 20.1. Nikachora mikasi myekundu kila mahali, nikampa alama 4 za jedwali safi na vizio, na chini nikaandika: "Kuwa makini."

Nilipozirudisha karatasi aliitazama yake, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni. Baada ya kipindi alinifuata mlangoni.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Naomba kuacha Fizikia. Mwalimu wa darasa kasema nikuambie wewe kwanza."

Nikamuuliza kisa. Akasema haiwezi. Nikamwambia maneno yale ya walimu: ongeza bidii, usikate tamaa. Akaitikia. Halafu, kama mtu anayejisemea mwenyewe, akasema: "Ile taswira ya sentimita 20 niliitafuta mpaka kengele ikalia."

Sentensi hiyo ilinifuata mpaka nyumbani. Mtu mzembe hatafuti kitu mpaka kengele ilie. Kioo kimoja nilikuwa nacho kwenye begi. Usiku ule umeme ulikatika, bibi akanipa mshumaa, nami nikaazima tepu yake ya cherehani. Nikauweka mshumaa sentimita 30 mbele ya kioo na karatasi ubavuni mwake. Kwa mujibu wa mwongozo wangu, moto ulipaswa kuonekana juu ya karatasi, umepinduka, mkali. Nikaona wingu la njano tu. Nikarudi nyuma taratibu: 33, 36, 38. Kwenye 40 moto ukatulia, mdogo, kichwa chini, ncha yake imechongoka kama sindano. Arobaini gawanya kwa mbili ni ishirini. Fokasi ni sentimita 20. Na kioo cha fokasi 20, ukiweka mshumaa sentimita 20, hakitupi taswira popote. Ungeweza kuitafuta mpaka kengele ilie.

Kesho yake niliwahi maabara nikapima vioo vyote vinane. Vyote 20. Labda mtu zamani alivitia kwenye boksi lisilo lake. Kwa hiyo darasa zima, isipokuwa mmoja, walikuwa wameandika taswira ambayo haikuwahi kuwepo, nami nikawapa vema.

Wenzangu wa Fizikia mtakumbuka mhadhara wa darubini ya Hubble. Mimi nilikuwa nimeudesa kwa ajili ya mtihani na kuusahau. Siku ile niliukumbuka neno kwa neno. Hubble ilirushwa tarehe 24 Aprili 1990, na kufikia Juni picha zake zilikuwa na ukungu. Kioo chake kikuu, chenye upana wa mita 2.4, kilikuwa bapa kupita kiasi ukingoni, kwa takriban maikromita 2 tu. Cha kuumiza ni kwamba kioo hakikusuguliwa hovyo. Kilisuguliwa kwa ustadi wa hali ya juu kabisa, kikafuata kipimo kilichokosewa. Chombo cha kukipimia kilikuwa na vioo viwili vidogo na lenzi moja, na lenzi hiyo ilikaa nje ya mahali pake kwa milimita 1.3. Waliotafuta chanzo walikuta kwamba wakati wa kuipanga, mwanga wa leza uliopaswa kugonga ncha ya fimbo ya kupimia uligonga kifuniko chake, pale ambapo rangi ilikuwa imebanduka. Rangi imebanduka kidogo, basi!

Kuna jambo jingine ambalo mwanzoni sikulipa uzito. Vipimo vingine viwili vilikuwa vimeonyesha dalili za kasoro kabla darubini haijaondoka duniani. Vikapuuzwa, kwa kuwa vilihesabiwa kuwa duni kuliko kile chombo kikuu. Nilipofika hapo nikamwona yule binti na mikasi yangu myekundu. Hubble ilikuja kurekebishwa na wanaanga Desemba 1993, miaka mitatu na nusu baadaye.

Sasa niwaeleze kidogo kuhusu njia inayotumika sana siku hizi kupima vioo vya namna hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha nilichokosea. Kioo kilichopinda kama kipande cha mpira ni rahisi kupima. Kina kitovu kimoja. Mwanga ukitoka kwenye kitovu hugonga kila sehemu ya kioo wima, ukarudi ulikotoka. Ndicho mshumaa wangu ulichofanya kwenye sentimita 40. Lakini kioo cha darubini kubwa hakina umbo la mpira. Mpindo wa katikati si sawa na wa ukingoni, kwa hiyo hakuna mahali pamoja ambapo mwanga wote utarudi ukiwa umetulia. Unarudi umevurugika hata kama kioo ni kizuri, na mpimaji hajui vurugu hiyo ni ya kasoro au ni ya umbo lenyewe.

Dawa yake ni hologramu iliyochorwa na kompyuta. Usifikirie zile picha za watu wanaoelea hewani kwenye filamu. Hii ni kipande cha kioo bapa chenye mistari myembamba mno iliyopinda, mfano wa alama za kidole, lakini nafasi kati ya mstari na mstari huweza kuwa maikromita chache tu. Kompyuta hukokotoa: ili mwanga ugonge kioo kile cha umbo gumu wima kila mahali, wimbi lake liwe na umbo gani? Kisha mistari huchorwa ili kulipa wimbi umbo hilo. Mistari ikibanana, mwanga hupinda zaidi. Ikiachana, hupinda kidogo. Wimbi linafika kwenye kioo likiwa limekikaa kama kifuniko na chungu chake. Kama kioo kimesuguliwa sawa, mwanga unarudi kupitia hologramu umetulia, na kwenye intaferomita unaona mistari michache iliyonyooka. Kama kuna kasoro, mistari inapinda palepale penye kasoro. Kwa leza nyekundu ya nanometa 633, kutoka mstari mmoja hadi wa pili ni tofauti ya nanometa 316 hivi juu ya kioo. Unywele wako unazidi hapo zaidi ya mara mia.

Wazo hili si geni. A. J. MacGovern na J. C. Wyant waliliandika mwaka 1971, mwaka uleule ambao Dennis Gabor, aliyevumbua hologramu, alipewa Tuzo ya Nobel. Vipande 18 vya kioo cha darubini ya James Webb, vinavyoungana kuwa kioo kimoja cha mita 6.5, vilipimwa kwa hologramu za aina hii. Na Webb si habari ya watu wa mbali tu. Iliporushwa tarehe 25 Desemba 2021, kituo cha Malindi, Kenya, kilikuwa miongoni mwa vituo vya ardhini vilivyopokea mawasiliano yake ya mwanzo. Malindi ni pwani hiihii, bahari hiihii ninayoiona Bagamoyo nikitoka kununua samaki.

Kwa lugha yetu ya ualimu, hologramu ile ni mwongozo wa usahihishaji uliochorwa juu ya kioo. Jibu sahihi limeandikwa mle, na kioo kinasahihishwa kwa kulinganishwa nalo. Mwongozo wenyewe ukikosewa je? Mstari ukichorwa nje ya mahali pake kwa robo ya nafasi kati ya mistari, wimbi nalo linakosea kwa robo ya urefu wake, na kioo kizuri kitaonekana kibovu. Hologramu ikisimamishwa imeinama kidogo, hivyohivyo. Ndiyo maana pembeni mwa mchoro mkuu huchorwa michoro mingine midogo ambayo haikipimi kioo hata kidogo. Kazi yake ni kuonyesha kama hologramu yenyewe imekaa sawa. Mwongozo wangu haukuwa na kitu kama hicho. Ulikuwa na karatasi ya boksi.

Jioni nilishuka ufukweni. Kwenye mchanga pale Bagamoyo kuna mafundi wanaounda na kukarabati majahazi na ngalawa. Mzee mmoja alikuwa anachonga taruma, analaza kibao cha kipimo juu ya mpindo wake na kuchungulia kama kuna mwanga unapita katikati. Pakipita mwanga, anachonga tena. Nikamsalimu, nikamuuliza anajuaje kwamba kibao chenyewe hakijapinda.

"Kipimo nacho hupimwa, mwanangu," akasema. Akachukua rula yake ndefu, akapiga mstari wa penseli juu ya ubao. Akaigeuza rula ubavu wa pili, akapiga mstari mwingine palepale. Mistari ilikaa mmoja juu ya mwenzake. "Ingekuwa imepinda, ingeachana katikati. Rula haiwezi kusema uongo pande zote mbili." Baadaye nilisoma kwamba mafundi wa vioo vya darubini nao hufanya jambo linalofanana na hilo. Wanakizungusha kioo kinachopimwa na kupima tena. Kasoro ikizunguka pamoja na kioo, ni ya kioo. Ikibaki palepale, ni ya chombo.

Nikabaki na kazi ya aibu. Nilimweleza mwalimu mwenyeji wangu. Alinisikiliza vizuri, akanishauri nimrekebishie binti alama kimyakimya. "Msimamizi wako anakuja wiki hii," akasema. "Ukisimama kutangaza kwamba umekosea jaribio zima, watoto watakupanda kichwani na yeye atakushusha alama." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananihurumia. Na mimi, kusema ukweli, ushauri ule niliupenda. Nilimbadilishia binti alama kwenye daftari langu, 4 ikawa 19, nikalala. Siku ya pili nikalala vibaya. Siku ya tatu nilimwona kwenye mstari wa asubuhi, hana habari ya chochote, bado anaamini kwamba macho yake yalimdanganya. Alama nilikuwa nimemrudishia. Ukweli wake nilikuwa nimekaa nao.

Nikaingia darasani na mshumaa, kioo na tepu ya bibi. Nikauweka mshumaa sentimita 20. Nikauliza: nani siku ile aliiona taswira ikiwa sentimita 60? Hakuna mkono. Nikampa karatasi kijana mmoja niliyempa 20 kati ya 20, nikamwambia anitafutie. Alisogea mpaka ukutani. Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Nikawaambia: boksi lilikosea, mimi nikalifuata, na mtu mmoja humu ndani alipima kioo badala ya kupima boksi, nikamfelisha. Nikamtaja jina, nikamwomba radhi mbele yao.

Nilitegemea wataona haya kwa kupika data. Yule kijana akanyoosha mkono.

"Madam, lakini tungeandika tulichoona, ungetupa nne."

Sikuwa na jibu. Alikuwa sahihi kabisa. Ushahidi ulikuwa umekaa dawati la nyuma. Hawakuwa wavivu wala waongo wa kuzaliwa. Walikuwa wamesoma mwongozo wangu kabla sijauandika, wakajua ninachotaka. Na mimi ni nani wa kuwashangaa? Ni wangapi kati yetu hapa chuoni tunaanza ripoti ya maabara kwa kutafuta desa la mwaka jana ili tujue jibu "linatakiwa" liwe ngapi? Miezi michache ijayo tutakuwa walimu wa watoto wa watu.

Jaribio lile nililifuta lote. Tukalirudia wiki ya mwisho. Karatasi ya boksi niliibandua, kila kundi likapima kioo chake, kisha makundi yakabadilishana vioo na kupima tena. Jibu halikuandikwa popote. Tulipata 19.6, 20.3, 19.9, 20.8. Namba mbaya mbaya, hazifanani, na nilizipenda kuliko zile 37.5 zote. Dakika kumi za mwisho nilimulika CD kuukuu kwa kitochi cha leza, doa moja likagawanyika ukutani kuwa madoa kadhaa, nikawaambia kwamba mistari ya CD, iliyoachana maikromita 1.6, ndiyo inayouelekeza mwanga, na kwamba kuna watu wanaochora mistari ya namna hiyo kwa makusudi ili kupima vioo vya darubini. Msimamizi alikuja kesho yake. Alama aliyonipa siijui bado.

Siku naondoka, binti alikuja kuniaga nikiwa nafunga begi ofisini. Sikumuuliza kama anaacha Fizikia au la. Niliona si haki kumdai jibu hilo kama malipo ya radhi yangu. Yeye ndiye aliyeniuliza.

"Madam, ile hologramu inayokagua kioo, yenyewe nani anaikagua?"

Nikamweleza ile michoro midogo ya pembeni. Nikamweleza kuzungusha kioo na kupima upya, na kutumia njia ya pili isiyofanana na ya kwanza.

Akafikiri kidogo. "Na hiyo njia ya pili?"

Basi la Dar lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikamwambia aniandikie akipata jibu.